Baba alivunjwa mkono kwa imani yake, mimi nikamrudia na shaka

Wakuu, hamjambo huko mliko. Nawaandikia kutoka Ruiru kwa kidole kimoja, so mnivumilie. Haya ni ya miaka ya hamsini na sitaongeza chumvi, tayari yamekolea.

Baba alifanya kazi kwa mashine ya kumenya kahawa, shamba la mzungu hapa Ruiru. Tena alikuwa ameokoka, ile ya kuokoka kabisa.

Wakati wa Hali ya Hatari, watu wa msitu, wale waliopigana na mzungu, walikuja kumlisha kiapo chao cha damu. Akakataa. Akawaambia ameshakunywa damu ya Yesu, hawezi kunywa ingine juu yake. Wakamvunja mkono wa kulia. Hakuweza kuukunja tena.

Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu Wakikuyu nilipewa jina la babake baba. Kwa hivyo yeye aliniita "Baba". Hata akinichapa, aliniita Baba.

Nikabahatika kwenda chuo kikuu India, nikachukua falsafa. Msiniulize ni ya kazi gani, hata mama aliuliza akachoka.

Mwaka wa pili mwalimu akatupa swali: mtu akiumizwa kwa kile anachoamini, maumivu yake yanathibitisha nini?

Nikaandika kurasa nne. Jibu langu: hayathibitishi kitu. Nikasifiwa mbele ya darasa lote.

Kutoka nje tu, nikakumbuka ule mkono. Jameni, zile kurasa nikazikunja nikazificha ndani ya kitabu.

Tangu siku hiyo nikipiga magoti kuomba, nilisikia sauti yangu peke yake. Niliogopa, wakuu, niliogopa vibaya sana, na sikuwa na wa kumwambia.

Likizo ndefu nikarudi nyumbani na meli. Jumapili ya kwanza baba akataka twende Thika kwa ushirika wa ndugu waliookoka.

Sasa muelewe kitu. Ndugu wa wakati ule walikuwa na sheria moja: usifiche. Unasimama, unatoa lililo moyoni, hata kama ni wizi ama uzinzi. Watu wanaimba, wanakukumbatia, yameisha. Nililelewa hivyo. Kunyamaza ndiko kulikuwa dhambi.

Baba akanisukuma na bega, anatabasamu. Nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "sijui tena kama Mungu yuko."

Nikangoja waimbe. Hakuna aliyeimba.

Tulirudi Ruiru na baiskeli, mimi naendesha, baba amekaa nyuma yangu kwa carrier. Sikuona uso wake. Tulikuwa tumeenda mbali ndio akaongea.

"Baba, kwani huu mkono ulivunjwa bure?"

Jibu nilikuwa nalo, kurasa nne. Nikanyamaza, nikaendelea kukanyaga pedali. Naye akaelewa namaanisha bure.

Nikarudi chuo. Nilipokuwa mwaka wa mwisho nikapata barua kuwa baba amefariki, na ameshazikwa.

Mama ndiye aliniambia mengine nilipofika. Baba aliendelea kwenda ushirika, lakini alikaa nyuma na hakusimama kushuhudia tena. Na kila barua yangu ikifika, kabla haijasomwa, aliuliza kitu kimoja juu yangu:

"Baba amesema amepata jibu?"

Mama akishaisoma, alimwambia bado.

Lesson yangu ni hii. Shaka siijutii, nimezeeka nayo na bado tunaishi pamoja. Najutia kule kunyamaza. Ukweli ni kwamba sikujua kama mkono ule ulivunjwa bure, na kusema "sijui" kulinishinda, mimi niliyesimama Thika nikajifanya mkweli. Mzee wa watu akabeba swali langu mpaka kaburini.

Mlio chuo na wazazi wenu wako hai, na wenye mmepitia shaka kama hii, andikeni hapa chini. Wewe ungemjibu nini pale kwa baiskeli?

Mimi nimejaribu miaka zaidi ya sitini. Hakuna jibu lolote ambalo nimeweza kulisema kwa sauti.