Nilivyoagwa Kwenda Phoenix Kabla Sijaamua

Nililetwa kwenye kliniki ninayofanya kazi hapa Doha, Ijumaa moja ya mwezi wa saba, saa nane kasorobo mchana, nikiwa nimevaa koti la theluji lenye manyoya shingoni, na zipu ilikuwa imekwama. Nje kulikuwa na joto la nyuzi arobaini na tano. Mimi mwenyewe nilikuwa na thelathini na tisa nukta sita, kwa mujibu wa kipimo ambacho jana yake nilikuwa nimekifuta kwa spiriti na kukirudisha kwenye droo kwa mikono yangu. Kifuani nilikuwa na utepe wa kitambaa ulioandikwa SAFARI NJEMA PHOENIX. Sikuwa na safari. Sikuwa na tiketi wala viza, na kwenye meza ya mkuu wangu wa kazi kulikuwa na fomu ya kuongeza mkataba kwa miaka miwili, ikiningoja nitie sahihi. Naona haya kuyasimulia, lakini kwa kuwa picha nyote mmeziona, ni afadhali mpate na maelezo yake.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa tano. Beatrice, tuliyesomea naye uuguzi Kisii na ambaye ametangulia Marekani, aliniandikia kwamba kuna wakala anayetafuta manesi wa hospitali za Phoenix, Arizona, na kwamba jina langu ameshalipeleka. Nikamuuliza Phoenix ni mji wa namna gani. Akajibu kwamba ni Doha iliyopandwa dungusi, kisha bahari ikaondolewa.

Mimi ni mtu wa daftari. Nilichora mstari katikati ya ukurasa, kushoto nikaandika sababu za kubaki na kulia sababu za kwenda. Kushoto palijaa mpaka chini: kazi naijua, mkuu wangu ananiheshimu, nyumbani ni mwendo wa saa tano au sita kwa ndege, nina kundi langu la ibada, chumba chetu pale Al Mansoura kina dirisha (vingine havina, nimeviona), na sikuona maana ya mtu kuvuka dunia nzima ili atoke jangwani aingie jangwani. Kulia niliandika neno moja, Kerubo. Huyo ni binti yangu, wakati huo alikuwa na miaka minane, alikuwa akiishi na mama yangu Kisii, na aina ya kibali changu cha kazi haikuniruhusu kumleta Doha. Nilikuwa nikimwona mwezi mmoja kwa mwaka, na kila mwaka nilimpelekea viatu vya saizi aliyokuwa ameshaipita. Phoenix, Beatrice alisema, nesi huingia na watoto wake, ila faili huchukua muda mrefu na hakuna anayeweza kukwambia muda gani. Kwa hiyo nilikuwa na ukurasa mzima upande mmoja na neno moja upande wa pili, na kila nilipoupima ule ukurasa haukuwa mzito zaidi.

Nikaamua niombewe. Huo ulikuwa uamuzi mdogo tu, lakini mengine yote yametoka humo.

Huku ibada ni Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, na baada ya ibada kundi letu la Wakenya na Waganda hukutana kwenye ukumbi mmoja Abu Hamour, watu wanatoa shukrani na maombi mmoja mmoja wakiwa wamesimama. Mwenyekiti wetu anaitwa Barasa, dereva wa basi la wafanyakazi, mtu mwema sana ambaye sijawahi kumsikia akiomba jambo dogo. Nilisimama, nikasema kwamba nimepata nafasi ya kwenda Phoenix, sijaamua, naomba wanisaidie kuomba nipate mwongozo. Nilisema "sijaamua." Mashahidi ninao, ingawa wote hawakumbuki.

Sasa, anayetujua anajua kwamba sisi hatuombi kama watu wanaongoja jibu. Tunashukuru mapema, kana kwamba jambo limeshatendeka, na kadiri shukrani inavyokuwa na maelezo mengi ndivyo imani inavyohesabiwa kuwa kubwa. Barasa akafumba macho.

"Tunakushukuru kwa kuwa dada yetu Kemunto ameshafika Phoenix," akasema. "Ameshapewa ufunguo wa nyumba. Na binti yake ameshapanda ndege, ameshatua, ameshamwona mama yake pale mlangoni. Imekwisha kuwa."

Ukumbi mzima ukasema amina. Na mimi nikasema amina, na si kwa sauti ya adabu tu, maana alipofika pale mlangoni ilinitoka kwa nguvu kuliko ya mtu mwingine yeyote, mpaka mwanamke aliyekaa mbele yangu akageuka.

Ukishaitikia amina hakuna pa kurudi. Kusema baadaye kwamba bado unafikiria ni kukosa imani mbele ya watu. Nilijaribu, maana nilimngoja Barasa mlangoni nikamwambia, "Mwenyekiti, lile jambo bado naliwaza."

"Shetani ndiye anayekuwazisha, dada," akasema, akanipa mkono wa pongezi.

Kufikia Jumapili kulikuwa na kamati ya kuniaga, watu saba, na tarehe ilikuwa imepangwa. Na kwa kuwa mtu anayeondoka Doha haondoki na vyombo, vyangu vilianza kuwekewa oda. Nilitoka kazini nikakuta sufuria yangu ya umeme ya kupikia wali imebandikwa karatasi yenye jina la mtu nisiyemfahamu. Feni ilikuwa na majina mawili, moja limekatwa. Doreen, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, mpokezi wa wageni kwenye hoteli moja pale Al Sadd, alikuwa amekaa kitandani akipaka rangi ya kucha.

"Nyabo, kitanda chako nimekipatia mtu," akaniambia.

Nikamwambia mimi siendi, au angalau sijui kama naenda.

"Najua," akasema. "Lakini ukienda kisikae bure."

Ningeweza kusimama imara hapo. Badala yake, mama mmoja wa kundi alipokuja kuuliza kwa upole kama pasi yangu ya nguo ina mwenyewe, niliona vibaya kumrudisha mikono mitupu, nikampa, na kwa kumpa pasi nikawa nimethibitisha safari. Kwa wiki tatu zilizofuata nilikuwa nikipanda ghorofa mbili kila asubuhi kwenda kuazima pasi yangu mwenyewe nipigie yunifomu ya kazini.

Kule kliniki, mkuu wetu wa wauguzi, mama kutoka India tunayemwita Sista Leela, aliniita akanionyesha fomu ya mkataba. Nikamwambia nitaitia sahihi wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikamwambia hivyo hivyo. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema amemeza dawa. Mnajua mambo yalivyokuwa miaka ile: bila karatasi ya mwajiri hutoki nchini, na si vizuri mwajiri asikie safari yako kwa watu. Kila siku nilipanga kumwambia ukweli, lakini ukweli wenyewe ulikuwa kwamba sijui, na hakuna fomu yenye kisanduku cha hilo.

Siku ya kuagwa ilifika. Kulikuwa na pilau, chapati za kukunjwa vizuri, na keki kubwa yenye mtu wa theluji aliyevaa kofia. Nilimwambia aliyeitengeneza kwamba Phoenix ni jangwa kama hapa. Akasema ameelewa, ila mtu wa theluji ameshakauka. Hotuba zilikuwa tisa. Katika ya tano niligundua kwamba nilikuwa nikilia, na watu wakafurahi kwa kuwa waliona nimeguswa, na kweli nilikuwa nimeguswa, ndiyo ilikuwa shida yenyewe, maana watu hawa nilikuwa nimewaandika kwenye ule upande wa kushoto, mstari wa nne, na sasa walikuwa wananisukuma kwenda kulia kwa upendo wao wote.

Kisha Barasa akaleta zawadi. Lilikuwa koti la kufika magotini, lililojazwa manyoya ya bata, la rangi ya samli. Sijui hata walilipata wapi katika mji huu.

"Mwenyekiti, kule ni joto," nikamwambia. "Ni joto kama la hapa."

"Dada Kemunto, Marekani ni Marekani," akajibu, akanivalisha mwenyewe na kuifunga zipu mpaka kidevuni, na juu ya koti wakanivisha ule utepe.

Ndani hapakuwa na mwanga mzuri wa picha. Tukatoka nje, saa saba na robo mchana. Nilipiga picha na kamati, nikapiga na akina mama, nikapiga na kwaya, ikaja kwaya tena kwa sababu mtu alikuwa amefumba macho. Mimi ni muuguzi, dalili nazijua kwa mpangilio wake, na nilizihesabu zilivyokuja: kwanza kiu, kisha kichwa, kisha jasho lilipoacha kutoka nikajua pamekuwa pabaya. Nilijaribu kufungua zipu ikagoma. Kwenye picha ya kumi na moja kulikuwa na Barasa wawili, nikamwambia wa kushoto kwamba naanguka, lakini nadhani hakuwa yeye.

Nilisimuliwa baadaye kwamba Doreen ndiye aliyesema nipelekwe kliniki kwangu, Al Sadd, kwa sababu kule wananijua. Hilo lilikuwa wazo jema na ndilo lililonimaliza. Nilipakiwa kwenye basi la Barasa, kamati yote ikapanda, na keki ikapanda pia kwa sababu ingeyeyuka.

Wenzangu wa zamu walijaribu zipu, wakashindwa, wakachukua mkasi. Manyoya ya bata yakaruka mpaka kwenye feni ya ukutani, na feni ikayasambaza kwa haki chumba kizima. Nilifungua macho nikamwona Sista Leela, aliyekuja siku yake ya mapumziko baada ya kupigiwa simu, amesimama juu yangu na unyoya mmoja kwenye nywele. Aliusoma utepe, kisha akanipima presha, kwa mpangilio huo.

"Kemunto," akasema, taratibu kabisa, "unakwenda au huendi?"

Nyuma ya pazia alilolisahau wazi walisimama Barasa na wenzake sita wa kamati, na Doreen aliyekuwa ameshika keki. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano watu wote niliokuwa nikiwaambia mambo tofauti walikuwa chumba kimoja, wakingoja jibu moja.

"Sijui," nikasema.

Barasa alikohoa, akawaambia wenzake kwamba ni joto linalosema, halafu akakaribia kitanda, akanong'ona ingawa wote tulisikia.

"Si uliitikia amina, dada?"

"Niliitikia kwa sababu ulimtaja mtoto."

Akavua kofia yake ya udereva. Alikaa akiigeuzageuza mikononi, na nafikiri hapo ndipo alipoelewa alichokuwa ameniombea, maana yeye mwenyewe ana watatu, wako Bungoma. Sista Leela ndiye aliyesema, huku akirekebisha dripu yangu ambayo haikuhitaji kurekebishwa. Alisema mtoto wake alimwacha akiwa na miaka mitatu, sasa ana ishirini na mmoja, na kwenye simu mtoto humwita yeye madam. Kisha akasema fomu itakaa mezani mpaka Jumapili, akaenda kutafuta ufagio.

Dripu haijaisha, simu yangu ikalia. Picha zilikuwa zimefika Kisii kabla mimi sijafika kliniki, mtu wa kamati alizituma kwa dada yake, dada akazipeleka kwa mama yangu. Aliyekuwa kwenye simu ni Kerubo.

"Mama, umeshafika?"

Nikamwambia niko Doha. Akaniuliza kama ndege imechelewa. Nikamweleza polepole kwamba hakuna ndege, kwamba zile zilikuwa picha tu, na kwamba mama bado anafikiria. Akasema sawa. Halafu akasema kuna tatizo kidogo, kwa sababu viatu vyake vya shule amempa Moraa wa jirani, maana huko aendako atanunuliwa vingine.

Jumapili nilitia sahihi miaka miwili kwa Sista Leela, na jioni hiyo hiyo nikatuma makaratasi yangu yote Phoenix, na Sista Leela nikamwambia habari za Phoenix, na wakala nikamwambia habari za mkataba. Sista Leela alisema hivyo ndivyo angefanya. Barasa alisema hiyo nayo ni imani. Msichana aliyepewa kitanda changu alikuwa ameshahamia na begi lake, kwa hiyo nililala kwenye godoro katikati ya vitanda viwili mpaka mwezi wa tisa. Sufuria ya wali sikurudishiwa, na pasi mpaka leo naiazima. Koti nimelishona, halivaliki, lakini kulitupa nimeshindwa. Na nimejiapiza: siitikii tena amina kabla sijasikia ombi lote mpaka mwisho, na mtu akimtaja binti yangu kwenye maombi, nitauma midomo kwanza.

Mama yangu alimnunulia Kerubo viatu vingine. Nilikuwa nimemwambia Kerubo aende kwa Moraa akaombe vile vya kwanza, vilikuwa bado vipya. Akakataa. Alisema ukidai ulichotoa, umekosa imani. Huu ni mwaka wa tatu. Jana nimeangalia faili yangu ya Phoenix kwenye kompyuta ya kazini, na bado imeandikwa kwamba inasubiri.