Sahihi ya Madam na Riba ya Kadi Yangu

Kadi ya mkopo ilipofika, furaha yake haikumaliza hata siku moja. Nilimwonyesha Mkenya mwenzangu, dereva anayesambaza mashuka kutoka mahali ninapofanya kazi hapa Riyadh, ambapo tunafua nguo za hoteli na mimi ndiye msimamizi wa zamu ya asubuhi. Yeye alikuwa na kadi ya benki hiyo hiyo. Tukafungua mikataba kwenye simu zetu, tukalinganisha. Riba yangu ilikaribia mara mbili ya yake.

"Na wewe ndiye unalipa vizuri," akasema. "Mimi mwaka jana nilichelewa mara mbili, wakanipigia hadi nikazima simu."

Ni kweli nililipa vizuri. Mama alipovunjika nyonga nilichukua mkopo benki hiyo, nikaulipa hadi riyali ya mwisho. Kuna miezi nilikula wali na vitunguu tu, tarehe isije ikanipita. Nikaitisha ripoti yangu ya mikopo. Ilikuwa safi, haina hata doa.

Bosi alinipa ruhusa ya saa moja. Kule benki nikaketi mbele ya dada mmoja Msaudi, kijana, kucha zake zimekatwa vizuri.

"Ni mfumo ndio unaopanga riba," akasema, macho kwenye kompyuta.

"Basi niambie mfumo umeona nini kwangu."

"Ripoti yako ni nzuri."

"Ndiyo maana nauliza."

Niliona saa ukutani, dakika ishirini zimebaki. Mwishowe akaigeuza kompyuta nione. Mbele ya jina langu paliandikwa: mfanyakazi wa nyumbani, Jeddah. Na kafili wangu, yaani mwajiri anayenidhamini nchini, kwa mujibu wa benki alikuwa bado ni madam wangu wa zamani, wa mtaa wa Al-Nuzha.

Nikatoa ikama yangu, kibali cha ukaazi, nikaiweka mezani. "Nilihama kwake miaka mitatu iliyopita. Soma hapa. Msimamizi."

"Faili halijabadilishwa. Leta barua yake kwamba mliachana bila madai, tutapanga riba upya."

Madam huyo aliizuia namba yangu kwenye simu yake siku niliyoondoka. Nilimtunzia watoto wake miaka minne, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba mimi sina shukrani.

Alhamisi jioni nikapanda basi la Jeddah, na Ijumaa mchana, baada ya swala, nikabonyeza kengele ya lango lake. Aliyefungua ni msichana Mkenya, aproni imelowa. Akaniuliza kwa Kiswahili natafuta nani. Niliitazama kwanza aproni ile, niliyoivaa mimi miaka minne.

Madam aliniingiza sebuleni. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimweleza shida yangu kwa Kiarabu nilichojifunza ndani ya nyumba ile ile, na mkononi nimeshika barua niliyoiandaa, imebaki sahihi tu.

Hakuichukua. "Chai kwanza," akasema. "Unajua vitu viko wapi."

Miguu yangu, nakiri, ilishaanza kunyanyuka yenyewe. Mlangoni yule msichana alikuwa amesimama ananitazama. Nikaketi vizuri, nikaunganisha magoti.

"Madam, leo nimekuja kama mgeni."

Uso wake ulibadilika. Nilihesabu kwamba safari yote imeharibika pale, nauli na siku yangu ya mapumziko pamoja.

"Ulikuwa huongei hivi," akasema.

"Ndiyo, madam."

Akamwita msichana alete chai. Kisha akauliza kuhusu mama yangu, aliyevunjika nyonga nikiwa bado kwake, kama anatembea. Nikasema anatembea kwa mkongojo. Akaichukua barua, akaisoma mara mbili, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta mtego. Akatia sahihi. "Halas, imekwisha," akasema, akanirudishia bila kunitazama.

Nilipokuwa natoka, msichana alinisindikiza hadi langoni. Akaninong'oneza, "Dada, ulifanyaje ukahama?" Nikampa namba yangu, akaiandika kiganjani kwa kalamu.

Jumatatu yule dada wa benki alipokea barua, akabonyeza vitufe kama dakika tatu hivi. Dakika tatu tu. Riba ikashuka, ingawa bado ilizidi ya dereva kidogo. Nilipomtajia dereva na kuuliza kwa nini, akasema kampuni yake inajulikana zaidi kuliko yangu.

"Mimi na yeye tuko kampuni moja," nikamwambia.

Kwa mara ya kwanza alicheka, kwa aibu. Akanyanyuka akaenda kwa meneja wake. Aliporudi, riba zetu zilikuwa sawa. Nikamwomba anichapishie mkataba mpya, nikausoma wote pale pale, watu wakisubiri nyuma yangu, ndipo nikatia sahihi.