Gogo la Msonobari

Nakumbuka Ijumaa moja hapa hapa Brussels, mwanangu, nikiwa bado msichana, na hata leo nikiikumbuka hasira hunipanda. Nimesikia umenunua tangi la samaki na unatafuta mti wa kuweka ndani. Basi keti, nisikilize.

Nilikuwa nikiishi mtaa wa Saint-Josse kwa mjomba wangu Juma, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaacha sebuleni tangi la kioo lenye samaki wadogo aliowalea kwa mikono yake. Tangu mazishi mjomba alikuwa amekuwa mtu wa kimya. Ukimsikia anaongea, ujue yuko mbele ya tangi lile.

Nikapata mchumba, Hamisi, kijana wa mtaa wa Forest, mtanashati, mwenye ulimi wa asali. Ijumaa ambayo wazee wake walikuwa waje kuleta posa, yeye alitangulia asubuhi akiwa na gogo la msonobari alilolipaka vanishi, linang'aa kama kiatu kipya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

"Tonton, zawadi yako hii," akamwambia mjomba. "Tuliweke ndani, wageni wakifika wapendezwe."

Mjomba akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha. "Ahsante, mwanangu. Lakini huu mti una utomvu, na hii vanishi itaua samaki. Liache kwenye balkoni. Nitatafuta mti mwingine, tuuandae pamoja."

"Bon, sawa tonton."

Sawa yake hiyo! Mjomba alipokwenda kuswali, nami nikiwa jikoni na pilau, Hamisi akalitumbukiza gogo lile tangini, akalikandamiza kwa mawe lisielee.

Mjomba aliporudi, wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Maji yalikuwa yamefanya utando wa mafuta. Samaki wanatweta juu juu, wengine wamelala ubavu. Akapiga magoti, akawa anawachota kwa bakuli na kuwatia kwenye ndoo ya maji safi. Waliopona hawakujaza kiganja.

Na Hamisi, badala ya kuinuka amsaidie, akacheka. "Lakini tonton, ni samaki tu! Kesho nitakuletea wengine."

Mama yake naye akadakia, "Jamani, tusiharibu shughuli kwa ajili ya dagaa."

Dagaa! Kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu mzima yuko magotini mbele yenu, kumbukumbu ya mkewe inamfia mikononi, nanyi mnamtajia dagaa! Samahani ni neno moja tu, mwanangu, wala halikuwatoka.

Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hamisi, mjomba alikwambia liache, ukamjibu sawa. Alipokupa kisogo tu, ukalitia. Mimi siolewi na wewe."

"Binti huyu hana adabu!" mama yake akafoka.

Mjomba hakuinua macho kutoka kwenye ndoo. "Adabu anayo," akasema. "Pilau iko tayari. Kuleni, kisha mwende salama."

Hawakula. Walishuka ngazi wakinitukana, na mtaa mzima ukanisema kwa muda mrefu. Sikujuta hata siku moja.

Baadaye mjomba alipata tawi la mwaloni kwa rafiki yake, lililokufa zamani likakauka kabisa. Tulilibambua gome, tukalichemsha katika sufuria kubwa, tukaliloweka. Maji yakigeuka rangi ya chai, tunayamwaga, tunatia mengine. Lilichukua majuma, mpaka likazama lenyewe bila jiwe. Ndipo akaliweka tangini.

Basi wewe nawe, mwanangu, chagua mti mgumu, mkavu, usio na utomvu wala vanishi. Ubambue, uchemshe, uloweke, usiuharakishe. Na ukiingia nyumba ya watu, usiguse ulichokatazwa kwa kuwa wewe unakiona kidogo. Ukiharibu, usicheke; omba radhi na uiname usaidie kuokota. Asiyejua kuinama hivyo usimpe mkono wako, hata akija na zawadi inayong'aa namna gani.

Mungu akupe macho ya kutambua watu mapema, akupe mwenzi mwenye huruma, na kila utakachokilea nyumbani mwako kikue na kukupa furaha. Amina.