Nilivyomruhusu Mke Wangu Aondoke kwa Kidole Gumba

Kwa miaka sita nilikuwa na ndoa nzuri sana ndani ya simu. Mke wangu alikuwa juu, Kirua Vunjo, nyumbani kwetu, akifundisha shule ya msingi na kuangalia kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa, ng'ombe wawili na mama yangu mzazi. Mimi nilikuwa Moshi mjini, katika vyumba viwili vya kupanga, nikihariri ripoti za watu wengine ofisini na kuandika makala zangu. Nilipanga mjini kwa sababu mbili nilizoziamini kabisa: mtandao wa huku chini una nguvu, na barabara ya kwenda juu ni mbaya. Ni kweli ni mbaya. Wakati wa mvua inaweza kukuchukua saa nzima. Walimu, wauza ndizi na makarani huipanda na kuishuka kila siku, lakini wao hawaandiki makala.

Jumamosi nilipanda, Jumapili jioni nilishuka. Siku zilizobaki tuliwasiliana. Asubuhi umeamkaje, mchana umekula nini, jioni lala salama, na katikati picha: ndama aliyezaliwa, mkungu ulioangushwa na upepo, mama akiwa amevaa sweta langu. Nilijisifu kwa marafiki kwamba simu imetuondolea umbali. Sikuwaambia kwamba miaka ya mwanzo ya ndoa, kabla ya simu hizi, nilifanya kazi mjini hapo hapo na kulala nyumbani kila siku, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kujua kama mke wangu amekasirika.

Yeye hapendi kuandika kwenye simu. Anasema anashinda akisahihisha madaftari ya watoto, hana hamu ya kuona maandishi mengine. Kwa hiyo hutuma sauti. Dakika nne, dakika sita, mara moja dakika kumi na moja kuhusu bomba la maji. Anaongea kama watu wa kwetu wanavyoongea, anaanza mbali, anapita kwa jirani, anapumzika, halafu anafika. Mimi niligundua kwamba simu inaweza kuongeza mwendo wa sauti mara mbili. Tangu hapo mke wangu akawa anazungumza nami kama mtangazaji wa mpira karibu na filimbi ya mwisho, nami nikaona nimeokoa muda. Baadaye hata huo mwendo nikauona mrefu. Nikawa nasikiliza mwanzo, nikishajua habari ni za aina gani natuma kile kidole gumba kilichosimama. Kidole kile ni uvumbuzi mkubwa. Kinasema nimesikia, nimekubali, nakupenda, niko kwenye kikao, yote kwa mguso mmoja.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, uliingia ujumbe wa dakika saba. Nilikuwa namalizia makala, na nalisema hili kwa aibu, kuhusu vijana wa leo wasiojua kusikilizana. Nilisikiliza kidogo. Ng'ombe mkubwa amekataa majani. Zamu yetu ya maji ya mfereji imerukwa. Mama anataka ile sabuni yake ya kipande, si ya unga. Nikatuma kidole, nikarudi kwenye makala. Nakumbuka nilikuwa natafuta neno zuri la kumalizia.

Ijumaa hakutuma chochote. Nikamwandikia umeamkaje, zikatokea tiki mbili za bluu, basi. Nikadhani yuko kwenye majani ya ng'ombe. Nilinunua sabuni ya kipande na kujiona mume wa kuigwa.

Jumamosi nilipofika nilimkuta mama nje ya jiko, anamenya ndizi za mtori, ile supu yetu nzito. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia bila kuinua macho.

"Mkeo hayupo," akasema. "Ameenda kwao Marangu."

Nikauliza kama kuna msiba. Hakuna. Kama kuna mgonjwa. Hakuna. Nikauliza basi ameendaje bila kuniambia.

"Amesema umemruhusu."

Nikamwambia mama kwamba mimi sijamruhusu mtu yeyote. Mama akaweka kisu chini. Yeye anatumia simu ya vitufe, na ujumbe wowote unaoingia humo huusoma kama barua ya serikali, kwa mashaka.

"Alinionyesha mwenyewe," akasema. "Alinionyesha hicho kidole chako."

Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya mgomba ulioanguka, nikausikiliza ule ujumbe kwa mwendo wake wa kawaida. Sauti ya mke wangu ilinishtua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Baada ya habari za sabuni alinyamaza kwa muda, nikamsikia jogoo, nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Mtu mwenye haraka angeweza kudhani ujumbe umekwisha. Halafu akasema:

"Sasa nisikilize. Nimechoka kuolewa na simu. Nataka niende nyumbani nikae, nifikirie kama nirudi hapa au niombe uhamisho, nifundishe huko huko. Kama bado unaniona mkeo, na si mlinzi wa mama na ng'ombe, niambie nisiende. Nasubiri mpaka kesho asubuhi."

Chini yake kilikuwa kidole changu. Simu ina tabia ya kuandika saa ya kila kitu. Ujumbe wa dakika saba ulikuwa umefika saa nne na dakika kumi. Kidole kilikuwa kimeondoka saa nne na dakika kumi na mbili. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu.

Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Ndipo nikafanya kile ninachokijua. Nikaandika ujumbe wa aya tatu. Aya ya kwanza ilikiri kosa kwa ujumla, ya pili ilieleza mazingira ya kazi yangu, ya tatu ilizungumzia thamani ya ndoa. Niliusoma mara mbili, nikarekebisha alama za vituo, nikautuma. Tiki za bluu. Nikaandika mwingine mfupi, wenye hisia zaidi. Tiki za bluu. Juu ya kioo iliandikwa kwamba yuko hewani. Sijui kama kuna neno linaloumiza kuliko hilo. Zamani mke akienda kwao alikuwa ameenda. Hukuambiwa kila dakika kwamba yupo, ana nafasi, na hataki.

Hapo elimu yangu ya chuo kikuu ikaja kunisaidia. Nikakumbuka isale.

Kwetu, mtu akimkosea mwenzake kosa kubwa, hukata jani la isale, ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba, akampelekea. Aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Watu wamesameheana mambo mazito kwa jani hilo, mambo ya mipaka na hata ya damu, itakuwa kidole? Nikaenda mpakani, nikachagua jani zuri lisilo na matundu ya wadudu, nikalipiga picha. Nikapiga tatu, kwa sababu ya mwanga. Nikatuma ile iliyotoka vizuri na kuandika chini yake: "Nimekuletea isale, mke wangu." Nilisubiri nikiwa na uhakika wa mtu aliyecheza karata kubwa.

Safari hii alijibu, tena haraka. Aliniletea picha ya bakuli la mtori, moshi ukipanda, kijiko kando. Chini yake aliandika: "Jani nimelipokea. Karibu chakula."

Niliitazama ile picha mpaka kioo kikazima chenyewe. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitaka kujua nafanya nini mpakani na simu kama mpima ardhi. Nikamweleza. Nilidhani atacheka, maana hucheka kwa mambo madogo kuliko hayo, lakini hakucheka.

"Umempelekea jani la kwenye kioo?"

Akainama, akakata isale kwa kisu kile kile cha ndizi, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi. "Hili hupelekwa na mtu," akasema. "Barabarani, watu wakikuona. Nenda sasa hivi, na hiyo sabuni iache hapa."

Gari langu lilikuwa limegoma kuwaka siku hiyo, kwa hiyo nilichukua bodaboda. Dereva alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye mvi nyingi kuliko mimi. Aliliona jani kabla hajaniona mimi.

"Ni kwa ndugu au kwa mke?" akauliza.

"Kwa mke."

"Basi nitaenda polepole," akasema, "upate kupanga maneno."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kasoro ya ile picha. Picha niliituma nikiwa nimejificha nyuma ya migomba. Jani la kweli halifichiki. Ni refu, ni la kijani, linapepea, na kila mtu kuanzia Kirua mpaka Marangu anajua maana yake. Akina mama waliobeba majani walilitazama jani, wakanitazama miwani, wakatazamana. Mzee mmoja aliyekuwa anapogoa kahawa kando ya barabara alinipa pole kwa sauti kubwa, kwa upendo, akitaka na wenzake walioko chini wasikie. Dereva alijibu salamu zote kwa niaba yangu. Maneno sikupanga hata moja.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa amekaa barazani. Aliwahi kuwa mwongoza wageni mlimani kwa miaka mingi, na amebaki na ile hali ya kumtazama mtu miguuni kwanza, kuona kama atafika. Nikamwamkia shikamoo. Akanikaribisha kiti, akaagiza maji, akaniuliza habari za mama, za ng'ombe, za mvua. Mimi nimekaa na jani mapajani.

"Ile picha tuliiona, shemeji," akasema hatimaye. "Nzuri sana. Unatumia simu gani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akamwita dada yake.

Mke wangu alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga. Hakuwa amekonda, hakuwa amelia, na nakiri hilo liliniumiza kidogo. Nikasimama, nikampa isale kwa mikono miwili. Akalipokea kwa mikono miwili. Kaka yake akasema, "Vizuri," akainuka, akaenda kuangalia kitu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa.

"Nimekusamehe," mke wangu akasema. "Hili siwezi kulikataa, unajua. Lakini kusamehe na kurudi ni vitu viwili, bwana msomi. Jani limeomba msamaha. Halijajibu swali langu."

"Swali gani?" nikasema, na papo hapo nikajua ni jibu baya. Nikaharakisha kusema kwamba nimeusikiliza wote, hadi mwisho, kwa mwendo wa kawaida. Nilitamka maneno hayo, kwa mwendo wa kawaida, nikitegemea yatahesabiwa.

Kwenye simu mwenzako akinyamaza, angalau kuna yale maandishi madogo kwamba anaandika, unapata matumaini. Pale barazani hapakuwa na maandishi. Kulikuwa na uso wake tu, na ulikuwa ukinisubiri. Nikaanza sentensi yenye neno kimsingi. Akainua mkono, nikaiacha. Nikaanza nyingine, ikafia njiani bila msaada wake. Mtu anayeishi kwa maneno, nilisimama mbele ya mke niliyemwoa miaka ishirini na mbili iliyopita nikitafuta mahali pa kufuta na kuandika upya.

"Nilidhani nakaa na wewe," nikasema mwishoni, "kwa sababu ulikuwa mfukoni mwangu."

Haikuwa sentensi nzuri. Kwenye makala ningeikata. Yeye alilikunja jani kidoleni.

"Mimi sikai mfukoni," akasema. "Hamia nyumbani. Lala kule, amka kule, kila siku. Mimi niko hapa mpaka wiki ya kufunguliwa shule. Hapo nitajua kama naomba uhamisho au siombi. Na usinitumie picha."

Nikauliza, bila picha, atajuaje.

"Nitajua," akasema. Kisha akanipa mtori, bakuli la kweli, nikala.

Nilivirudisha vyumba vya mjini kwa mwenye nyumba na kupanda na vitabu vyangu. Kwa wiki mbili na nusu nililala Kirua na kushuka kazini asubuhi pamoja na walimu, wauza ndizi na makarani, ambao hawakushangaa kuniona kwa kuwa hawakuwahi kujua kwamba barabara imenishinda. Jioni nilikata majani. Ng'ombe mkubwa, ambaye habari zake nilizipokea kwa vidole vingi, alinitazama kama mgeni wa ofisi. Mara tatu nilishika simu nimpige picha, nimtumie mke wangu ushahidi, na mara tatu nikairudisha. Usiku sikuwa na mtu wa kumwambia lala salama isipokuwa mama, ambaye alijibu kwamba atalala akitaka. Nilikuwa sijawahi kumkosa mke wangu hivyo nikiwa mjini. Mjini nilikuwa nampata kila saa.

Alikuja Jumapili, baada ya ibada, kwa pikapu ya kaka yake, bado na gauni la kanisani. Nilitoka mbio kidogo, kisha nikatembea. Alinisalimia vizuri, kama unavyomsalimia mtu ambaye kesi yake haijasomwa. Akanipita, akaenda kwa mama jikoni, akapiga goti kidogo, akaamkia. Nikasimama mlangoni. Hakuniuliza mimi chochote. Alimuuliza mama habari za wiki zile.

Mama hakuwa na haraka. Alianza na mvua, akapita kwa jirani aliyevunjika mkono, akaeleza habari za mfereji. Mimi nilitaka kufa. Mke wangu alimsikiliza neno kwa neno, akiuliza na maswali.

"Ng'ombe amepungua maziwa," mama akasema mwishoni. "Huyu hajui majani, anamletea magugu. Ndizi ameunguza mara mbili. Lakini alikuwepo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mpaka nimemchoka."

Mke wangu akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. Kisha akavua viatu vya kanisani, akavaa ndala zake zilizokuwa pembeni ya jiko, akaniambia nimwambie kaka yake ashushe mizigo.