Ile Chembe ya Ulaya Ilipofika Kwenye Mzani Wangu

Nichekeni mkitaka, ila mke wangu asijue. Mimi hupima mizigo kwenye depo moja ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Asubuhi hiyo redio ilieleza kwamba wataalamu wa Ulaya waligundua chembe ndogo ajabu, ushahidi wa kitu kisichoonekana kilichotanda kila mahali. Bila kitu hicho, eti, hata mawe yasingekuwa na uzito.

Nilifika kazini kama naelea. Vumbi la unga lilizunguka taratibu kwenye mwanga wa mlangoni, nikajiambia: kumbe tunaogelea ndani yake, kama samaki ziwani.

Akaja Mama Furaha, mfanyabiashara wa Uvira, na magunia yake ya maharage. Usafiri hulipwa kwa uzito. Nikapima la kwanza, likazidi kilo alizotaja. La pili, likazidi.

"Apana, Papa. Nilipima mwenyewe kwangu. Mzani yako iko na shida."

"Mzani haina shida, Mama. Ni kile kitu cha redio, leo kimejaa humu. Mi nakisikia mwilini."

Wapakizi wakaacha kazi. Nikafumba macho, nikanyoosha mikono, nikawaeleza jinsi hata nyota zinavyobebeshwa uzito. Mmoja akavua kofia. Mimi mwenyewe machozi yalinilengalenga.

Mama Furaha alisubiri nimalize. Kisha akainama, akanivuta suruali polepole, kama mtu anayeamsha mtoto.

"Papa," akasema, "toa kwanza mguu yako kwa mzani."