Ng'ombe Wanaoishi Shuleni

Shule yangu ya awali ilikuwa na miguu minne. Walikuwa ndama wa baba yangu na ndama wa majirani, na sisi watoto ambao hatujafikia kukabidhiwa ng'ombe wakubwa tulikuwa tukiwachunga pembeni mwa kaya, pale ambapo mama akiita unasikia. Hakuna aliyelipa ada. Mwalimu wetu alikuwa yule mtoto aliyetuzidi umri kidogo, na fimbo yake ilikuwa ile ile ya ndama, haibagui. Ukimwachia ndama akaingia kwenye mtama wa mtu, umefeli. Ukirudi nao wote, umefaulu, unakunywa maziwa.

Shule ya madaftari niliingia baadaye, nikatoka darasa la tatu kwa sababu niliona inanichelewesha. Nasema ukweli. Leo nina mashine ya kusaga hapa Ngulyati, nina mashamba ya pamba mpaka upande wa Kasoli, na nina ng'ombe ambao idadi yao siitaji, maana kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake mbele za watu. Vijana wenye vyeti huja kuniomba kazi. Huwa nawauliza, "Cheti chako kinajua kukamua?" Wanacheka, nami nacheka, halafu nawapa kazi, maana sina roho mbaya.

Kwa hiyo binti yangu aliposema mjukuu wangu apelekwe chekechea, nilimwona kama mtu aliyepigwa na jua.

Mjukuu mwenyewe ni msichana, nakaa naye tangu alipoachishwa ziwa. Mama yake ni fundi cherehani mjini Bariadi, pale Somanda, kwenye njia ya kwenda hospitali. Kutwa yuko kwenye cherehani, na chumba anachopanga hakina hata mahali pa kuku kugeuka. Bibi yake mtoto alipotutoka, watu walidhani nitamrudisha mjini. Sikumrudisha. Amechukua jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi namwita mayo, yaani mama, na yeye ananiita guku, babu. Ananiagiza kazi kana kwamba kweli amenizaa. "Guku, leta maji." Naleta. Katika nyumba ile hakuna mwingine wa kuniagiza, na mtu asiyeagizwa na yeyote anazeeka haraka.

Binti yangu alikuja Jumapili moja baada ya ibada, amepakiwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Pamba ilikuwa imeshauzwa, watu wamepumzika.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu. Umekuja na pikipiki au umekuja na hasira?"

"Vyote viwili. Baba, huyu mtoto anafika miaka mitano hajui neno la Kiswahili. Juzi namuuliza kwenye simu amekula nini, ananijibu Kisukuma."

"Alikula nini?"

"Michembe."

"Si umeelewa?"

"Mimi nimeelewa! Na mwalimu wa darasa la kwanza akiwa mtu wa mbali, ataelewa? Mtoto atakaa nyuma ya darasa kama kiroba mpaka watu waseme hana akili."

"Kwani mimi nilisoma chekechea?"

"Wewe ulikuwa na ndama, baba. Hao ndama tumewasikia tangu tuzaliwe."

Nikamwambia kwamba kumlipia mtoto mdogo afundishwe kuimba ni kutupa hela mtoni. Mtoto anaimba bure. Jogoo anawika bure. Yeye akasema sawa, nisilipe, kuna chekechea ya kulipia jirani na chumba chake, atalipa mwenyewe hata kama ni kushona mpaka macho yaume. Shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza atakuja na begi kumchukua mwanae.

"Hapa kijijini shule ya msingi ina darasa la awali," nikasema.

"Lina jina la darasa, baba. Watoto wanaenda, saa nne wamesharudi. Likiwa darasa kweli, mtoto atabaki kwako. Lisipokuwa, namchukua."

Hapo ndipo niliposikia. Habari za Kiswahili na nyimbo zilikuwa zinapita sikio moja na kutokea jingine, lakini neno "namchukua" lilikaa. Binti yangu nimemlea mimi, anafanana nami: akisema jambo, limeshafanyika, bado siku tu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni nasuka kamba ya plau. Mayo alikuwa uani na ng'ombe wake wa udongo. Watoto wetu wote wanafinyanga ng'ombe kwa udongo wa mbugani, hiyo si ajabu. Ajabu ilikuwa maneno. Alikuwa anasema kwa sauti tatu. Sauti moja ilikuwa ya mchungaji mkali, nyingine ya mtoto aliyepoteza ndama, na ya tatu ya mwenzao anayemcheka. Aligomba, akalia, akajicheka.

"Mayo, unaongea na nani?"

"Na wenzangu."

"Wako wapi?"

Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Hawapo, guku."

Nikachukua fimbo. Nikasema ngoja nikamtafutie hao wenzake. Ndama wapo, watoto watakosekana? Nikapita kaya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndama wamefungiwa uani, wanaletewa majani. Watoto wakubwa wote wako shuleni, wamevaa sare. Na wadogo, kila mmoja yuko nyuma ya sketi ya bibi yake, peke yake, ananyonya kidole. Kaya moja tu nilikuta ndama wako nje, na anayewachunga ni dume zima lenye ndevu, la mshahara, limeinamia simu.

Ile shule yangu ya ndama ilikuwa imefungwa, na hakuna mtu aliyenijulisha. Tulipowapeleka watoto wakubwa wote shule, jambo ambalo ni jema na mimi wangu niliwapeleka, tuliwanyang'anya wadogo walimu wao. Sikusema nimekosea. Mimi sikukosea, ndama ndio wamefungiwa. Lakini mtu mwenye macho akiona kisima kimekauka haendi na ndoo kukisubiri.

Siku iliyofuata nilimshika mayo mkono mpaka shuleni. Mwalimu wa awali ni dada mgeni, mtu wa kusini huko kwenye korosho, alimpokea katikati ya mwaka bila maneno mengi. Mimi nikabaki dirishani. Sikufichi, nilikwenda ili nicheke.

Mwalimu akainua picha ya ng'ombe. "Huyu ni nani?"

"Ng'ombeee!"

"Ana rangi gani?"

Mayo wangu akasimama. Akajibu kwa Kisukuma, na hakutaja rangi tu: alitaja ng'ombe wa mabaka kama yale anaitwaje, akaongeza kwamba huyo ni wetu. Mtoto mwingine akaruka, akasema si wenu, ni wa kwetu, pembe hazifanani. Wa tatu akasema nyote waongo, huyo ni wa babu yake, alipotea wakati wa masika. Darasa zima likawa mnada. Mwalimu haelewi hata neno, anacheka mpaka amejishika kiuno. Halafu akagonga ubao. "Haya, sasa mniambie kwa Kiswahili!" Wakaitikia wote pamoja, "Nyeupe na nyeusiii!" na sauti ya mayo ilikuwa ndani yake, kubwa kuliko zote, maana nyumbani amezoea kuita ng'ombe.

Sikucheka. Nilisogea dirishani zaidi nisikie vizuri.

Ilipofika saa nne wakaanza kuondoka. Mmoja akachukua mfuko wake akaenda, wawili wakamfuata, wengine wakapitia dirishani palepale niliposimama. Hakuna aliyewafukuza. Njaa ndiyo iliyokuwa inapiga kengele.

"Uji wenu uko wapi?" nikamuuliza mwalimu.

"Ulikuwa wa michango, mzee. Wazazi walichanga, wakachoka."

Nikamwambia mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano. Mimi nikimwambia aitishe, huwa anaitisha.

Mkutano ulikuwa moto. Mmoja akasema serikali imetangaza elimu bila malipo, basi na uji uletwe na serikali. Mwenyekiti akasema serikali imeleta mwalimu na chumba, uji haukutajwa. Mwingine, mzee wa rika langu, akasema wake wameshakua, mwenye mtoto mdogo amlipie mwenyewe. Nilikuwa naanza kutikisa kichwa kukubali, maana ndivyo nilivyosema miaka yote, mara akasimama mama mmoja muuza dagaa. Ni mtu wa Lamadi aliyeolewa hapa, na ulimi wake una magamba.

"Wewe mzee wa mashine, nakuuliza. Ng'ombe wako wana mchungaji wa mshahara?"

"Wanaye."

"Wanaogeshwa? Wanachanjwa?"

"Kwa wakati."

"Na ile ngitili umeizungushia miba, majani yake ya kiangazi asiguse mtu, ni kwa ajili ya nani?"

"Ndama."

"Basi ndama wako wamesoma chekechea! Mjukuu wako je?"

Watu wakapiga kelele, "Eeeh!" hata yule mzee mwenzangu. Nikasema mjukuu wangu ana mimi. Mama dagaa akaangalia huku na huku. "Na mbona kila nikipita nasikia anaongea na udongo?"

Hapo nikasimama. Sikupanga. Nikawaambia, "Mnagombania hela, na hela hamna. Mtu analipa kwa kile alicho nacho. Mnajua mimi nilianzaje?"

Wanajua, nimeshawaambia mara nyingi, lakini nikawaambia tena. Nilianza na ng'ombe wa kubilisa. Ndiyo desturi yetu: mwenye ng'ombe wengi anamkabidhi ng'ombe mwenzake asiye nao. Mwenzake anatunza, anakamua, maziwa ni yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na aliyetunza vizuri, siku moja anapewa mtamba wake mwenyewe, anaanza zizi. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyepewa sadaka.

"Basi mimi nabilisa ng'ombe wawili wa maziwa kwa darasa la awali. Mahindi kila kaya italeta, mwenye mtoto na asiye na mtoto, mashine yangu itasaga bure. Kukamua ni kwa zamu. Na wewe," nikamwonyesha mzee mwenzangu, "usiniambie wako wameshakua. Atakayekuibia ng'ombe ukiwa kikongwe ni huyo mtoto unayemkatalia uji leo."

Mwalimu akasimama, uso unang'aa. "Wazazi, tumpigie makofi mzee wetu kwa zawadi ya ng'ombe wawili!"

"Zawadi?" nikasema. "Nani katoa zawadi?"

Makofi yakafia mikononi. Mwalimu akanigeukia.

"Samahani, mzee, si umesema umetoa?"

"Sijatoa. Nimebilisa."

"Sasa ni ng'ombe wa shule au si wa shule?"

"Ni wangu. Wanaishi shuleni."

"Kama wewe tu, mwalimu," mama dagaa akasema. "Wa serikali, unaishi kwetu."

Mwalimu ndiye aliyecheka zaidi. Hoja ikapita.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Boma dogo likajengwa nyuma ya nyumba za walimu, na watoto wakaacha kupitia dirishani. Mzee mwenzangu naye anakamua zamu yake, analalamika toka chuchu ya kwanza mpaka ya nne, lakini hakosi. Sasa watu wananiuliza, chekechea ni lazima? Nawajibu: mtoto kuwa na wenzake ni lazima, na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia. Zamani vyote viwili vilikuwa uani, leo viko shuleni, tuvifuate huko. Na anayelipa ni nani? Kila mwenye kitu kinachokamuliwa.

Desturi ya kubilisa ina sheria moja ambayo sijaitaja. Ukishamkabidhi mwenzako ng'ombe, huendi kuchungulia zizi lake kila siku. Ni dharau, ni kama kusema humwamini. Mimi naijua sana sheria hiyo, hata mayo nilimfundisha. Lakini hawa ng'ombe walikuwa wageni mahali pale, kwa hiyo nilikuwa napita. Kila siku. Saa nne hivi, uji ukiwa moto.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, binti yangu akaja na begi kama alivyosema. Nyumbani hakukuta mtu, akaja shuleni. Akanikuta nimekaa kwenye benchi la awali, magoti yamenifika kidevuni, kikombe mkononi, mtoto wa watu amelala begani kwangu.

"Baba! Na wewe umeandikishwa?"

"Nakagua ng'ombe."

"Ng'ombe wako kule nyuma, baba. Hapa ni darasani."

Mayo akatokea mbio, masharubu ya uji meupe mdomoni. "Shikamoo mama! Leo ni zamu ya babu kukamua na ndama hajanyonya na babu amechelewa na mwalimu amesema!" Yote kwa Kiswahili, bila kuvuta pumzi.

Binti yangu akamwangalia mwanae, akaliangalia begi. Mtu kama mimi haombi. Nilimpa kikombe tu.

Akanywa. "Una sukari?"

"Una maziwa."

Akamaliza mpaka chini, kisha akalisukuma begi kwa mguu likaingia chini ya benchi. "Abaki. Akifika la kwanza tutaongea upya, baba."

"Tutaongea," nikasema, nikamlaza yule mtoto wa watu kwenye benchi, nami tayari kuendelea kuketi pale. Lakini mayo akanishika kidole akanivuta, na safari hii akarudi kwenye Kisukuma, maana jambo lenyewe lilikuwa la heshima.

"Guku, ondoka hapa. Aliyebilisa hachungulii."

Nikachukua ndoo, nikaenda kukamua.