Nzi wa Manyoya ya Jogoo

Tuliusikia mto kabla hatujauona. Ngurumo yake ilipanda kutoka bondeni ndani ya ukungu wa Usambara, nzito, isiyokatika, hata bibi akasimama na kuikaza kanga yake kifuani. "Bahari imepandaje huku?" akauliza, nasi tukacheka. Ilikuwa miaka ya hamsini. Bibi, mamake baba, alikuwa ametoka kwao Tongoni, pwani, baada ya kufiwa na babu, na baba alimbembeleza abaki nasi milimani moja kwa moja. Mimi niliyekuwa nikilala nimeugandama mgongo wake niliomba hivyo hivyo. Lakini jibu lake lilikuwa moja: hawezi kuzeekea mahali pasipo samaki.

Samaki walikuwepo. Baba alikuwa mlinzi wa mto ule, ambamo Wazungu walipandikiza trauti, samaki wa ng'ambo wa maji baridi, na kuwavua wenyewe. Yeye aliruhusiwa siku moja tu, ya mwisho wa msimu, kabla mto haujafungwa ili samaki watage. Asubuhi hiyo alinyofoa manyoya ya shingoni mwa jogoo aliyeletwa na bibi, akayafunga kwa uzi kwenye ndoana mpaka yakawa kama nzi, chambo cha trauti.

"Mimi nimetanda uduvi kwa kanga tangu sijavunja ungo," bibi alisema. "Samaki gani huyo anayekula jogoo? Mke mwenzangu," akanigeukia, "baba yako ameanza lini wazimu?"

"Subiri, mama," baba akajibu. "Utamwona."

Baba aliingia majini hadi magotini. Mshipi ukapaa nyuma yake, ukajinyoosha hewani, ukarudi mbele polepole kana kwamba siku nzima ilikuwa yake, na yule nzi akatua juu ya maji bila kuyaamsha. Kisha maji yakapasuka. Trauti aliruka juu ya mawe, mwili mzima, ndoana mdomoni, matone yakimzunguka, na mimi nikasahau kupumua. Bibi aliingia mtoni na nguo zake, akamkinga samaki kwa kanga kama walivyokinga uduvi kwao. Samaki alikuwa na mstari wa waridi ubavuni na madoa meusi yaliyomwagika mgongoni kama mbegu za papai. Bibi akapitisha kidole gumba chini ya tumbo lake, taratibu.

"Huyu ana mayai."

"Wote wanayo sasa, mama. Ndiyo maana mto unafungwa kesho."

"Basi kwake umefungwa leo. Kwetu aliyebeba hatumpandishi pwani."

Akamtoa ndoana, akaishusha kanga majini. Trauti alitulia kidogo kati ya mikono yake, kisha akatoweka.

"Mama," baba alisema, "huyo ndiye aliyekuwa akubakishe."

"Najua, mwanangu. Umemwona lakini? Hakuuliza njia."

Siku hizi samaki hufika kila mji wakiwa kwenye barafu, na trauti nimemla hotelini, amelazwa juu ya vipande vya limau. Nilimaliza sahani nikizungumza mambo mengine. Hakuna tena aliyenisahaulisha kupumua. Ila alfajiri ya kesho yake bado naiona: bibi ameshika kikapu, anarudi pwani, yule jogoo mwenye shingo wazi ametuachia sisi. Alinifunika blanketi, akamwambia baba asimtoe mtoto nje kwenye baridi, akatoka, na mwenyewe akaurudisha mlango nyuma yake.